Sura ya Sita: Ushahidi wa Tairi Lililokwisha

Swali ambalo wenye magari ya kasi hulirudia mbele ya mafundi, madukani na barazani ni hili: mbona matairi ya gari langu yamekwisha upesi namna hii, ilhali jirani yangu, mwenye gari la injini ndogo, angali anatembelea matairi yale yale aliyoyanunua kabla yangu? Na swali hilo halikai peke yake, kwani mara tu baada yake huja la pili, ambalo ndilo liumizalo mfuko: sasa ninunue yapi, yale ya bei kubwa yanayosifiwa kwa kuishika barabara, au yale ya bei nafuu yanayosifiwa kwa kudumu?

Ili majibu yetu yasielee hewani, tutashika gari moja linalojulikana sana Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam, nalo ni Subaru Impreza ya namna ya WRX na ndugu yake mwenye nguvu zaidi, STI. Gari hili lilijipatia jina katika Safari Rally, mashindano ambayo Colin McRae aliyashinda kwa Impreza mwaka 1997 na Richard Burns akayashinda kwa Impreza mwaka 2000. Na hata kabla ya ushindi huo, Mkenya Patrick Njiru alikwisha kuyazoeza macho ya watu wa Afrika ya Mashariki kuiona Subaru katika vumbi la mbio. Leo magari haya hufika kwetu kwa meli kutoka Japani, yakiwa yametumika, na mnunuzi aghalabu huchunguza injini na rangi kwa makini makubwa, lakini matairi huyatazama kwa jicho la kupita tu.

Neno ambalo sura hii yataka kulithibitisha ni moja: tairi lililokwisha si takataka bali ni shahidi, na mtu asiyeusikiliza ushahidi wake kabla ya kununua jipya, atanunua jipya liuawe na ugonjwa ule ule uliolimaliza la kwanza.

KWA NINI TAIRI LA GARI LA KASI HUISHA MAPEMA

Gari zima, pamoja na abiria wake na mizigo yao, huigusa ardhi katika sehemu nne tu, kila moja ikiwa na ukubwa uliokaribiana na kiganja cha mkono. Nguvu zote za injini, nguvu zote za breki na nguvu zote za kukata kona hupitia katika viganja hivyo vinne, na pasipo kupitia hapo hazina njia nyingine. Basi ni dhahiri kwamba gari lenye injini ya nguvu na breki kubwa huudai mpira zaidi kuliko gari la kwendea sokoni, hata kama magari yote mawili yamekwenda kilomita zile zile.

Sababu ya pili imo katika mpira wenyewe. Mpira huishika lami kwa kubonyea na kuingia katika vishimo vidogo vidogo vilivyo baina ya kokoto, na pia kwa kunatanata juu ya mawe yenyewe. Na kadiri mpira uwavyo laini, ndivyo ubonyeavyo na kunata vizuri zaidi. Walakini, ulaini huo huo ndio unaoufanya unyolewe na kokoto upesi. Watengenezaji huchanganya mpira wa mti na mpira wa viwandani, wakatia masizi, ambayo huupa nguvu na ndiyo yalipatiayo tairi weusi wake, na siku hizi hutia pia unga wa silika, ambao husaidia mshiko juu ya barabara yenye maji. Kila mchanganyiko ni mapatano baina ya mshiko, uhai wa tairi na mafuta yanayotumika. Na atakayekuahidi kwamba tairi lake lina yote matatu kwa ukamilifu, usimwamini.

Sababu ya tatu ni joto. Tairi linalokimbia hubonyea na kurudi katika kila mzunguko, na kule kubonyea huzaa joto. Lami ya Pwani wakati wa kaskazi huongeza joto lake juu ya hilo, na upepo ukiwa pungufu tairi hubonyea zaidi, likapata moto zaidi, likachakaa mbio.

Kwa muhtasari: kuisha upesi kwa tairi laini la gari la kasi si hitilafu peke yake, bali ni sehemu ya bei ya mshiko. Hitilafu ni kuisha kusiko sawa, nako ndiko tunakokuendea sasa.

NAMNA YA KULISOMA TAIRI LILILOKWISHA

Uso wa tairi jipya umechongwa mifereji, na baina ya mifereji hiyo yamebaki mapande ya mpira ambayo mafundi wengi huyaita kashata. Tairi jipya la gari la kasi huwa na mifereji yenye kina cha milimita 7 au 8, na ndani yake kuna vituta vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6; kashata zikiliwa hadi zikalingana na vituta hivyo, tairi limekwisha, hata kama bado halijawa kipara kitupu. Na kwa hakika, mwenye gari la kasi asingoje kufika huko, kwani kazi ya mifereji ni kuyatoa maji chini ya tairi, na ikibaki na kina cha milimita 3 tu uwezo wake wa kuyatoa maji ya masika umekwisha kupungua sana. Maji yasipopata njia, tairi hupanda juu yake likaelea, na wakati huo usukani na breki havina amri tena.

Basi mweleze fundi ayavue matairi yote manne, uyalaze mahali penye mwanga, kisha uyapitishie kidole. Dalili zake ni hizi:

1. Tairi lililoliwa katikati na kingo zake zikabaki nzima lilijazwa upepo kupita kiasi, likawa latembelea mgongo wake tu.

2. Tairi lililoliwa kingo zote mbili na katikati pakabaki lilikuwa na upepo pungufu, au liliendeshwa kwa ukali katika kona nyingi. Na kwa Subaru, ambayo injini yake imekaa mbele kabisa, matairi ya mbele huonyesha dalili hii kwanza.

3. Tairi lililoliwa ukingo wa ndani peke yake lilikaa katika gurudumu lililoinama, sehemu ya juu ikilalia ndani. Magari yaliyoshushwa kwa springi fupi ili yapendeze hupatwa na haya mno, na mwenyewe asijue, kwa kuwa ukingo wa ndani haumjii machoni.

4. Kashata zenye makali kama meno ya msumeno, zinazokwaruza kidole kikipita upande mmoja na kuteleza kikirudi, husema kwamba magurudumu hayakuelekea sambamba, kwa hiyo tairi lilikuwa likiburutwa kidogo kila lilipozunguka.

5. Vishimo vishimo vilivyopishana kuuzunguka uso wa tairi hushuhudia kwamba shokomzoba zimechoka na gurudumu hurukaruka, au kwamba gurudumu halikufanyiwa balansi.

6. Nundu ubavuni ni alama kwamba nyuzi za ndani zimekatika kwa kishindo cha shimo au tuta. Tairi hilo halina matengenezo. Litolewe siku hiyo hiyo.

Ukiyaona ya tatu na ya nne, dawa yake ni alaimenti, yaani kuzipima na kuzirekebisha pembe za magurudumu kwa mashine, na ifanywe kabla matairi mapya hayajatembea. Kununua matairi mapya ya fedha nyingi na kuyafunga juu ya gari lililopotoka ni israfu, maana yataliwa vile vile.

KUYASOMA MAANDISHI YA UBAVUNI

Tairi lina hati yake juu ya ubavu wake, nayo haifichi kitu kwa mtu aliyefundishwa kuisoma. Chukua STI ya miaka ya mwanzo ya 2000, ambayo huvaa tairi lenye maandishi 225/45R17 91W. Namba 225 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 45 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani hapa ni milimita 101 na kitu. Herufi R yaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimelazwa moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, namna iliyoletwa sokoni na Michelin ya Ufaransa katika miaka ya 1940 na ambayo leo imeenea katika magari yote madogo. Namba 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Namba 91 ni alama ya uzito, na maana yake ni kwamba tairi moja laweza kubeba kilo 615. Herufi W ni alama ya mwendo, na maana yake ni kilomita 270 kwa saa. V ni 240, H ni 210, na T ni 190. Msomaji aweza kuuliza, lipo wapi barabarani kwetu jambo la kilomita 270? Halipo, wala halitakiwi. Lakini alama hiyo yashuhudia pia ustahimilivu wa tairi dhidi ya joto na uimara wa umbo lake, kwa hiyo mtu atoaye tairi la W akaweka la T kwa ajili ya unafuu, amelipunguzia gari lake usalama uliokusudiwa na waliolisanifu.

Matairi mengi yana pia alama zinazodaiwa na sheria ya Marekani, na moja wapo ni namba ya uchakavu. Hupatikana kwa kulitembeza tairi katika msafara wa magari kwenye barabara za Texas, masafa ya takriban kilomita 11,500, likilinganishwa na tairi la kipimo lenye namba 100. Namba 200 yakusudia kusema kwamba tairi hilo huliwa kwa nusu ya kasi ya lile la kipimo. Bridgestone Potenza RE-71R, tairi la watu wa mbio, liliandikwa 200, na Michelin Pilot Sport 4S liliandikwa 300. Lakini zingatia kwamba mtengenezaji mwenyewe ndiye atoaye namba hiyo, kwa hiyo yafaa kwa kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko kulinganisha kampuni na kampuni.

UMRI ULIOFICHIKA

Tairi huzeeka hata likikaa bila kazi, kwa sababu hewa, jua na joto huukausha mpira, ukawa mgumu na kufanya nyufa. Tafuta ubavuni neno DOT, na mwisho wa mfululizo wake utaona tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Michelin hushauri tairi lililotumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na lililotimiza miaka 10 tangu kutengenezwa litolewe hata kama kashata zake zingali nzima.

Gari la kasi ndilo lenye hatari zaidi ya uzee huu, kwa kuwa wenyewe wengi hulienzi, wakalitoa siku za mapumziko tu, na hivyo kashata hazipungui ilhali miaka yapita. Mwigizaji Paul Walker alipofariki California tarehe 30 Novemba 2013 akiwa abiria katika Porsche Carrera GT, wachunguzi walisema sababu ya ajali ilikuwa mwendo mkubwa. Lakini walitaja pia kwamba matairi ya gari lile yalikuwa na umri wa miaka 9. Nasi kwetu, ambako hata sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa gari lililotumika hadi miaka 8, si ajabu gari likashuka bandarini likiwa na matairi mazee yenye sura ya ujana.

MATAIRI YA THELUJI CHINI YA JUA LA IKWETA

Kuna jambo jingine linalotokana na asili ya magari yetu. Mikoa ya kaskazini mwa Japani, hususan Hokkaido, hupata theluji nyingi, na baada ya sheria ya mwaka 1990 iliyoyakataza matairi ya misumari, Wajapani walishikamana na matairi ya theluji yasiyo na misumari. Mpira wake ni laini mno, ili usigande katika baridi, na kashata zake zimechanjwa mamia ya mistari myembamba ya kuumia barafu. Magari mengi hutufikia yakiwa bado yameyavaa, na mnunuzi, akiona kashata nene, hufurahi kwamba amepata matairi mazuri.

Lakini mpira uliokusudiwa baridi ya chini ya nyuzi 7, ukiwekwa juu ya lami ya Mombasa au Dar es Salaam, hulegea. Kashata huyumba gari likikata kona, breki hukawia kulisimamisha gari, na tairi huliwa upesi ajabu. Litambue kwa neno STUDLESS lililoandikwa ubavuni, au kwa mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ukiliona, usizionee huruma kashata zake: libadilishe.

MANNE YANAYOLINGANA

Subaru ya WRX hupeleka nguvu katika magurudumu yote manne wakati wote, na kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna difu ya kati, chombo kinachoruhusu pande hizo mbili kutofautiana kidogo kwa mizunguko pale gari likatapo kona. Difu hiyo imekusudiwa tofauti ndogo na za muda. Sasa tuseme matairi matatu yamebaki na milimita 4, la nne likapasuka, na mwenyewe akanunua moja jipya lenye milimita 8. Tairi letu la 225/45R17 likiwa jipya husafiri takriban mita 2 katika mzunguko mmoja. Lile lililopungua milimita 4 husafiri pungufu kwa sentimita 2 na nusu. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini katika kila kilomita tairi zee huzunguka mara sita zaidi, na katika safari ya Nairobi hadi Mombasa huzidi kwa takriban mizunguko elfu tatu, barabara ikiwa imenyooka na difu isipate mapumziko hata dakika moja. Joto hujikusanya humo, na gharama ya kuitengeneza yaweza kuipita bei ya matairi manne mapya.

Kwa hiyo Subaru huelekeza kwamba matairi yote manne yawe ya ukubwa mmoja, namna moja na kampuni moja, na mzingo wao usitofautiane zaidi ya robo inchi, kiasi ambacho ni sawa na milimita 1 ya kashata. Njia ya kulitimiza sharti hili ni kuyazungusha matairi, ya mbele yapelekwe nyuma na ya nyuma yaje mbele, kila baada ya kilomita elfu kumi hivi, ili yote yachakae pamoja. Yenye mshale wa mwelekeo ubavuni yabaki upande wake ule ule. Na magari ambayo matairi yake ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, kama vile Porsche 911, hayana nafasi hiyo. Mwenyewe akubali kununua ya nyuma mara nyingi zaidi.

KUCHAGUA KWA MATUMIZI YA KWELI

Tukisha kujua hayo, uchaguzi huwa mwepesi, mradi mtu aseme kweli juu ya safari zake:

• Aendaye kazini kila siku katika foleni, na mara chache akasafiri mbali, anunue tairi la lami la hadhi ya kati lenye alama ya mwendo inayotakiwa na gari. Mshiko uliozidi hapo hatautumia, na ataulipia kwa uchakavu.

• Apendaye barabara za milima na safari ndefu, na asiyetaka kuhadaika mvua ikinyesha, anunue tairi la kasi la kiangazi kutoka kampuni yenye sifa, lenye namba ya uchakavu ya 300 hivi. Hili ndilo liwafaalo wenye WRX walio wengi.

• Aendaye uwanjani kushindana anunue tairi laini la 200 au chini yake, lakini awe na rimu za pili za kuliwekea, asilitembeze mjini kila siku.

• Aishiye mwisho wa barabara ya changarawe asinunue tairi lenye ubavu mfupi kuliko lile la kiwandani, kwa maana ubavu ndio mto wa rimu dhidi ya mashimo.

Ama matairi ya mtumba, na vipara vilivyochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto, hayo si unafuu bali ni maangamizi. Kuchonga huufikia mpira mwembamba uliozifunika nyuzi, na nyuzi zikifunuliwa, tairi hupasuka katika mwendo bila ya onyo.

MUHTASARI WA SURA

• Uchakavu wa upesi ni tabia ya mpira laini. Uchakavu usio sawa ni ugonjwa wa gari.
• Kagua upepo asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si kwa kukisia wala kwa kulipiga tairi teke.
• Soma ukubwa, uzito, mwendo na tarehe kabla ya kulipa.
• Gari la magurudumu manne yenye nguvu hutaka matairi manne yanayolingana.
• Fanya alaimenti siku unayofunga matairi mapya.

Basi, msomaji mwema, utakapofika dukani, usiulize kwanza bei wala jina. Omba uyaone matairi yako ya zamani yamelazwa chini, uyasome, uutengeneze ugonjwa uliouona, ndipo ununue mapya yanayoifaa safari yako ya kila siku. Na kama fedha haitoshi kwa manne mazuri, heri ungoje na gari likae nyumbani, kuliko kuwapakia watu wako juu ya matairi ambayo hata wewe mwenyewe huyaamini.